Mto Uliozikwa: Maji ya Brussels na Miji Yetu ya Nyumbani



Ukimwuliza mkazi wa Anderlecht mto wa Brussels uko wapi, mara nyingi atakuonyesha ule mfereji wa meli tunaouvuka tukienda sokoni Abattoir. Kumbe mfereji ule ulichimbwa kwa mikono ya watu, ukafunguliwa mwaka 1832 ili kuleta makaa ya mawe kutoka Charleroi. Mto wenyewe ni mwingine. Kwa Kifaransa unaitwa Senne, kwa Kiflamandi Zenne, na sehemu kubwa ya safari yake ndani ya jiji umezikwa chini ya barabara tunazopita kila siku.

Historia ya mto huu inatuhusu sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, kwa sababu miji yetu ya nyumbani inapita njia ileile. Mimi ni mhandisi, na nitajaribu kuieleza bila hesabu nyingi.

Senne inaanzia Wallonia, karibu na Soignies. Inapita Halle, inaingia Anderlecht kutoka kusini, inatokea kaskazini kuelekea Vilvoorde, kisha inaungana na mto Dyle karibu na Mechelen. Dyle humwagia Rupel, Rupel humwagia Escaut, na Escaut huishia Bahari ya Kaskazini. Kwa hiyo anachomwaga mtu wa Anderlecht hupita mlangoni kwa mtu wa Vilvoorde na wa Mechelen kabla ya kufika baharini. Hilo naomba tulishike, kwani ndilo kiini cha habari yote.

Katika karne ya 19 viwanda vya ngozi, vya nguo na vya rangi vilijengwa kandokando ya Senne, na kila nyumba iliyopakana nayo iliutumia mto kama choo. Kiangazi maji yalipungua, uvundo ukabaki. Mvua kubwa zikinyesha, maji hayohayo machafu yaliingia majumbani, hasa katika mitaa ya maskini. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 3,000 jijini.

Meya wa wakati ule, Jules Anspach, alikuwa amekwisha kuamua. Kwa ramani ya msanifu Léon Suys, kazi ilianza Februari 1867 na ikamalizika mwaka 1871. Mto ulitiwa ndani ya mahandaki ya matofali, pembeni yakajengwa mabomba makuu ya majitaka, na juu yake zikapita barabara pana, mojawapo ikiwa ile inayobeba jina la Anspach mpaka leo. Nyumba za maskini zilibomolewa, na waliokuwa wakiishi humo wakalazimika kutafuta pa kukaa kwingine, wengi wao katika manispaa za pembezoni. Katika karne ya 20 Senne ilihamishwa, ikapitishwa chini ya barabara za mzunguko upande wa magharibi, kazi iliyokamilika mwaka 1955. Mahandaki ya zamani yalipewa kazi nyingine. Tangu mwaka 1976 tramu za chini ya ardhi hupita humo, kwa hiyo ukipanda tramu kutoka Lemonnier kwenda kituo cha Bourse unasafiri katika njia iliyokuwa ya mto.

Kwa upande wa afya katikati ya jiji, kazi ile ilikuwa na faida yake, wala si haki kuibeza. Lakini Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Uchafu ulifunikwa tu, haukusafishwa. Mabomba yaliukusanya na kuumwaga kaskazini ya jiji, kwa jirani. Na huku juu, Kuregem, ambako machinjio makubwa yalifunguliwa mwaka 1890, mto ulibaki wazi kwa miaka mingi ukiendelea kupokea taka.

Sasa tutazame maji ya kunywa. Tangu miaka ya 1850 jiji lilikuwa likileta maji ya chemchemi za bonde la Hain, karibu na Braine-l'Alleud. Hayakutosha. Mwaka 1891 manispaa za Brussels ziliungana kuunda shirika la pamoja la maji, ambalo tangu mwaka 2006 tunalijua kwa jina la Vivaqua. Mwaka 1899 shirika hilo lilianza kuleta maji ya chemchemi za Spontin, katika bonde la Bocq, ambao ni kijito cha mto Meuse. Mwaka 1973 ukaongezwa mtambo wa Tailfer, unaochota maji ya Meuse yenyewe na kuyasafisha.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye fundo. Maji mengi ya Brussels yanachotwa katika bonde la Meuse, na yakishatumika yanamwagwa katika bonde la Escaut. Jiji halinywi kamwe kile linachomwaga. Uchungu wa kuchelewa kusafisha majitaka haukumfikia anayeamua. Ulimfikia mtu mwingine, chini ya mto, asiyepiga kura Brussels. Ndiyo sababu jiji tajiri, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, liliendelea kumwaga majitaka yake yote bila kuyasafisha mpaka mwaka 2000. Kutoka mwaka 1871 hadi hapo ni miaka 129. Elimu ilikuwapo, kwa sababu njia ya kusafisha majitaka kwa bakteria waliolishwa hewa ilijulikana tangu mwaka 1914.

Kilichobadilisha mambo ni sheria iliyotoka juu ya mipaka. Mwezi Mei 1991 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba miji isafishe majitaka yake, na miji mikubwa ya aina ya Brussels ikapewa muda hadi mwisho wa mwaka 1998. Muda ulipita. Julai 2000 mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Ubelgiji haikutimiza wajibu wake kuhusu mkoa wa Brussels. Mwezi uliofuata mtambo wa kusini ukaanza kazi, hapa mpakani mwa Anderlecht na Forest, kwa uwezo wa watu 360,000. Mtambo wa kaskazini, wenye uwezo wa watu 1,100,000, ulianza mwaka 2007. Sisi wahandisi tunaposema "watu" hapa tuna maana ya kipimo: uchafu wa siku moja unaohitaji gramu 60 za oksijeni ili uoze.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Vichujio vya chuma hunasa matambara na plastiki, mchanga huachwa utuame, kisha maji huingia katika matangi ambamo bakteria hupewa hewa na kula uchafu. Mwishoni tope hutenganishwa na maji, na maji yanarudi mtoni. Baadaye mtambo wa kusini uliboreshwa ili uondoe pia naitrojeni na fosforasi, ambazo hustawisha magugu na kuwanyima samaki pumzi. Gharama tunazilipa sote, kwani bili yetu ya maji ina fungu la kusafisha majitaka.

Desemba 2009 tukaona jinsi jambo hili lilivyo jepesi kuvunjika. Mwendeshaji wa mtambo wa kaskazini aliusimamisha kwa kugombana na mkoa juu ya mchanga na taka zilizokuwa zikiingia. Kwa siku kama 10 majitaka mabichi yalitiririka tena kwenda Flanders, na jirani wa chini akapiga kelele. Lakini safari hii alikuwa na sheria mkononi. Mwaka 2013 mahakama ileile iliitoza Ubelgiji faini ya euro milioni 10 kwa kuchelewa kutimiza agizo la 1991. Leo samaki wameanza kuonekana tena katika Senne, ingawa mvua kubwa bado husukuma majitaka mtoni, kwa kuwa mabomba ya jiji hubeba mvua na uchafu pamoja. Ndiyo maana chini ya uwanja wa Flagey, hatua chache kutoka Matonge, limechimbwa tangi la kuhifadhi mita za ujazo 33,000 za maji ya mvua.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka uleule wa 1899 maji ya Bocq yalipofika Brussels, reli ilifika Nairobi na mji ukazaliwa. Nairobi iko katika bonde la mto Athi, lakini sehemu kubwa ya maji yake hutoka bonde la Tana, katika mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Handaki la karibu kilomita 12 lililochimbwa Murang'a kuongeza maji hayo lilizua mabishano makali, wenyeji wakiuliza wao watabaki na nini. Na majitaka? Yanayofika mtambo wa Ruai husafishwa, lakini mitaa mingi haina bomba la majitaka, na uchafu wake huingia mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, ambao pwani huitwa Sabaki. Kwenye kingo za Sabaki, pale Baricho, ndiko kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Mtu wa Malindi ni Vilvoorde ya Nairobi.

Kampala nayo ina hali yake. Mfereji wa Nakivubo hupeleka maji machafu ya mji katika ghuba ya Ziwa Viktoria, na mtambo wa Ggaba huchota maji ya kunywa katika ghuba hiyohiyo. Hapo anayemwaga ndiye anayekunywa. Uchafu ulipozidi, gharama ya kusafisha maji ya kunywa ilipanda, na mwenye kulipa alikuwa shirika lilelile la maji. Serikali ikajenga mtambo mkubwa wa majitaka Bugolobi.

Tofauti ya Kampala na Brussels inatufundisha kwamba mji husafisha upesi kile kinachourudia. Kile kinachokwenda kwa jirani hungoja sheria. Tanzania imekwisha kugawa nchi katika mabonde 9, kila moja na bodi yake. Kenya pia imeyapa mabonde nafasi katika sheria zake za maji za mwaka 2002 na 2016. Msingi upo. Kinachobaki ni bodi hizo kupewa fedha, na meno ya kumtoza faini hata mji mkuu.

Vyama vyetu hapa Ubelgiji huchanga kila mwaka kwa ajili ya visima na mabomba nyumbani, na ni jambo jema. Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kutoa euro ya kwanza, katika kikao chetu tuulize mambo mawili: maji haya yanatoka kwa nani, na yakishatumika yataishia kwa nani? Halafu tutake wawakilishi wa pande hizo mbili waketi katika kamati ya mradi tangu siku ya kwanza. Watu wa Vilvoorde walingoja zaidi ya karne moja kupata kiti hicho. Wa Malindi wasingojeshwe hivyo.