Kuachia Karata Nzuri: Habari Mpya na Uamuzi wa Kujitoa katika Poka na Kamari ya Simu Usenge

Katika poka ya aina ya Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wazi hufunuliwa mezani kwa awamu tatu: tatu kwa pamoja, ya nne, na ya tano. Kabla ya awamu ya kwanza na baada ya kila awamu, wachezaji huweka dau, hulipandisha, hulifuata au huachia karata zao. Karata mbili za kuanzia zinaweza kupangika kwa namna 1,326, na jozi ya ree, iliyo bora kuliko zote, hutokea kwa wastani mara moja katika migao 221. Kwa uadimu huo, anayezipata karata nzuri huona uzito kuziachia. Hata hivyo zipo nyakati ambapo kuziachia ndiko kunakolinda pesa, na nyakati hizo hujulikana kwa hesabu.

Hoja ya makala haya ni kwamba kujitoa katikati ya mchezo kuna thamani pale tu habari mpya inapoingia kati ya dau moja na jingine. Poka ina habari hiyo. Mchezo wa ndege, yaani Aviator, unaochezwa kwa simu Usenge kama katika miji mingine ya mwambao wa Ziwa Victoria nchini Kenya, hauna, ingawa nao humtaka mchezaji aamue atoke lini. Anayechukua busara ya meza ya poka na kuipeleka kwenye ndege hujiona mwangalifu huku akiendelea kupoteza kwa kiwango kilekile.

Hesabu ya kuachia

Nguvu ya karata za kuanzia haisimami peke yake. Jozi ya ree hushinda karibu asilimia 85 ya mara ikikabiliana na mpinzani mmoja mwenye karata zozote. Wakibaki wapinzani watano, kiwango hicho hushuka hadi karibu asilimia 49. Jozi ya wafalme hukuta angalau ree moja katika karata tatu za kwanza za wazi kwa takriban asilimia 23 ya mara. Jozi ya malkia hukuta ree au mfalme kwa takriban asilimia 41. Karata zilizokuwa bora dakika moja iliyopita zinaweza kuwa za pili au za tatu baada ya kufunuliwa kwa karata tatu tu.

Habari nzito kuliko karata za mezani ni mwenendo wa mpinzani. Tuseme meza ya mtandaoni ina madau ya lazima ya shilingi 10 na 20. Mchezaji mwenye jozi ya malkia anapandisha hadi 60. Mpinzani ambaye hana dau la lazima, na anayejulikana kwa tahadhari, anasukuma shilingi zake zote 1,000. Wengine wote wanaachia. Mezani sasa pana shilingi 1,090, na kufuata kunagharimu 940 zaidi. Fungu zima litakuwa 2,030, kwa hiyo kufuata kunalipa ikiwa tu nafasi ya kushinda inazidi 940 kwa 2,030, yaani asilimia 46 hivi.

Hatua inayofuata ni kuhesabu karata ambazo mpinzani huyo anaweza kuwa nazo. Mtu wa tahadhari husukuma pesa zote akiwa na ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, au ree na mfalme. Ree mbili zinapatikana kwa namna 6, wafalme wawili kwa namna 6, malkia wawili kwa namna 1 tu kwa kuwa malkia wengine wawili wameshikwa, na ree na mfalme kwa namna 16. Jumla ni namna 29. Jozi ya malkia hushinda ree mbili au wafalme wawili kwa takriban asilimia 18, hugawana na malkia wenzake, na hushinda ree na mfalme kwa takriban asilimia 56. Wastani wa vyote ni karibu asilimia 40, chini ya zile 46 zinazohitajika. Kufuata kungepoteza, kwa wastani, karibu shilingi 130. Malkia wawili wanaachiwa.

Mchezaji huyohuyo angeshika wafalme wawili, jibu lingegeuka. Wafalme wawili mkononi hupunguza namna za mpinzani kuwa na wafalme hadi 1, na namna za kuwa na ree na mfalme hadi 8. Zinabaki namna 21, na nafasi ya kushinda hupanda hadi karibu asilimia 57. Kufuata kunaleta faida ya wastani ya zaidi ya shilingi 200. Akiwa na ree mbili, nafasi ni karibu asilimia 84, na suala la kuachia halipo. Tofauti kati ya malkia na wafalme machoni pa mgeni ni ndogo. Mbele ya mpinzani yuleyule na dau lilelile, moja ni ya kuachia na nyingine ni ya kufuata.

Katika mfano huu zile shilingi 60 za mwanzo hazikuingia kwenye hesabu kama mali ya mchezaji. Zimekwisha kuwa sehemu ya fungu, na hazidai kufuatwa. Vilevile uamuzi ungebadilika kama mpinzani angekuwa mtu wa pupa anayesukuma pesa zote na karata hafifu, kwa kuwa orodha ya karata zake ingepanuka na nafasi ya malkia ingepanda. Ndiyo sababu mchezaji wa mtandaoni, asiyeona uso wa mtu, hutegemea kumbukumbu za mwenendo: mpinzani hupandisha mara ngapi, huachia mara ngapi, huweka dau kubwa kiasi gani, huchukua muda gani kuamua. Programu za kuhifadhi takwimu hizo ni sehemu ya kawaida ya mchezo pale mwendeshaji anapoziruhusu.

Hata ree mbili huweza kuachiwa kabla ya karata za wazi kufunuliwa, ila katika hali moja ya pekee. Kuna mashindano ambayo washindi kadhaa hupata zawadi sawa, kwa mfano tiketi kumi za kuingia mashindano makubwa zaidi. Wakibaki wachezaji kumi na mmoja, na mmoja wao akiwa karibu kuishiwa, mwenye akiba kubwa ana uhakika wa tiketi karibu kamili asipofanya lolote. Kuingia vitani na mwenye akiba inayolingana na yake, hata kwa nafasi ya asilimia 85, ni kubadilisha uhakika kwa bahati, kwani ushindi hauongezi tiketi ya pili. Hapa pia kinachoamua ni kitu kinachojulikana mezani: idadi ya waliobaki na akiba zao.

Kujitoa kusiko na habari

Usenge ni mji wa uvuvi katika eneo la Yimbo, Bondo, kaunti ya Siaya, ukitazamana na kisiwa cha Mageta. Kama ilivyo katika fuo nyingi za ziwa hili, mabaharia wa mtumbwi hulipwa fungu la mavuno baada ya gharama kutolewa, na omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo kipato hupanda na kushuka pamoja na mwezi na upepo. Nahodha anayeona upepo umegeuka akaamua kurudi kabla neti hazijajaa hufanya alichofanya mwenye malkia wawili: amepata habari ambayo hakuwa nayo alipoondoka ufuoni, na anaachia gharama ya mafuta aliyokwisha kuilipa. Mahali penye kazi ya namna hiyo, busara ya kujua wakati wa kutoka ina heshima yake, na ina msingi.

Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe, unaonekana kuitaka busara hiyohiyo. Ndege hupaa kwenye skrini, na namba inayozidisha dau hupanda kuanzia 1.00. Anayetoka kabla ndege haijatoweka hulipwa dau lake mara namba iliyofikiwa. Anayechelewa hupoteza dau lote. Kiwango cha kurudisha kinachotangazwa ni asilimia 97. Kwa kukadiria, nafasi ya ndege kufikia namba fulani ni 0.97 ikigawanywa kwa namba hiyo: kufikia 1.5 ni asilimia 65 hivi, kufikia 2 ni asilimia 48.5, kufikia 10 ni asilimia 9.7. Kila nafasi ikizidishwa kwa malipo yake, jibu ni lilelile, 0.97. Anayetoka mapema na anayengoja hupoteza kwa wastani shilingi 3 katika kila 100.

Zaidi ya hayo, ndege ikishafika 2, nafasi ya kufika 4 ni nusu, na malipo ni maradufu. Kuendelea na kutoka vina thamani sawa kwa wastani, na ndivyo ilivyo katika kila namba. Asilimia 3 za mwenye mchezo zimeshachukuliwa mwanzoni kabisa, katika zile raundi ambazo ndege hutoweka kabla ya mtu yeyote kupata faida. Hakuna sekunde yenye busara kuliko nyingine, kwa kuwa kupanda kwa namba hakumwambii mchezaji lolote kuhusu wakati wa kutoweka. Matokeo ya raundi huwa yamekwisha kupatikana kwa hesabu za kompyuta ndege inapoanza kupaa. Orodha ya raundi zilizopita inayoonyeshwa kwenye skrini haina uhusiano na raundi ijayo, na programu zinazouzwa kwa madai ya kutabiri ndege hazina cha kutabiria.

Inaweza kupingwa kwamba kutoka mapema angalau ni nidhamu. Ni kweli kwamba anayetoka kwenye 1.2 hupoteza mara chache kuliko anayengoja 10, na salio lake haliyumbi sana. Lakini asilimia 3 hukatwa kwenye jumla ya madau yote, si kwenye pesa alizoanza nazo. Akicheza raundi 100 kwa shilingi 20, amezungusha shilingi 2,000, na hasara ya wastani ni shilingi 60 hata kama alianza na shilingi 200 tu. Kutoka mapema humwezesha kukaa mchezoni muda mrefu zaidi, na kukaa huko ndiko kunakoongeza jumla inayokatwa.

Mkeka: hali ya katikati

Kati ya poka na ndege upo mkeka, yaani mechi kadhaa zilizounganishwa katika beti moja. Kampuni nyingi humruhusu mteja kutoa pesa kabla mechi zote hazijaisha. Hapa habari mpya ipo: mabao yamefungwa, kadi nyekundu zimetolewa. Ila bei ya kutoka hupangwa na kampuni ikiwa imeshaihesabu habari hiyo na kujiwekea faida. Mkeka wa kulipa shilingi 3,000 ukibakiwa na mechi moja yenye nafasi ya nusu kwa nusu, thamani yake ni 1,500. Kampuni ikitoa 1,350, anayekubali analipa 150 kwa ajili ya utulivu. Kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, bei hiyo inaweza kustahili. Kwa anayetoa kila mara kwa mazoea, ni gharama ya pili juu ya ile iliyokuwa tayari ndani ya odi.

Maana kwa elimu na sheria

Kamari ya simu ilienea Kenya juu ya njia za malipo zilizojengwa tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na sheria imekuwa ikiifuata nyuma. Sheria ya mwaka 1966 iliyoiweka Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, BCLB, iliandikwa kwa ajili ya kumbi na bahati nasibu. Aprili 2025 bodi hiyo ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Sheria ya Udhibiti wa Kamari ilitiwa saini. Upande wa kodi, ushuru wa bidhaa juu ya dau ulipanda hadi asilimia 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024. Sheria ya Fedha ya 2025 iliuhamishia kwenye pesa zinazowekwa katika akaunti ya kamari, kwa asilimia 5. Kwa mpangilio huo, anayeweka shilingi 1,000 ana 950 za kuchezea kabla ndege haijapaa.

Mabadiliko hayo ya kodi yanalingana na hesabu iliyoelezwa hapa: gharama ya mchezo usio na habari hulipwa mlangoni. Onyo la jumla la kucheza kwa busara halitoshi, kwa kuwa mchezaji wa ndege anaweza kulielewa kama ushauri wa kutoka mapema, ambao haumpunguzii hasara kwa kila shilingi anayoweka. Kinachoweza kupunguza ni ukomo wa kiasi kinachowekwa kwa siku na ukomo wa idadi ya raundi, vyote vikipangwa kabla ya kuanza.

Poka yenyewe haisamehewi na hoja hii. Mwendeshaji hukata asilimia chache ya mafungu, kwa hiyo anayelingana na wenzake kwa ustadi hupoteza polepole, na anayezidiwa hupoteza haraka. Habari mezani ina faida kwa yule tu anayeweza kuisoma vizuri kuliko wapinzani wake. Asiyeweza yuko katika hali ileile ya mchezaji wa ndege, na uamuzi wake wenye thamani ni kutokuingia.