Fimbo ya Gofu na Taksiri za Mkono

Mto Lupa, uteremkao kutoka nyanda za Chunya kuelekea ziwa Rukwa, ulikuwa mto wa kawaida usiojulikana ila na wenyeji wake, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilipoonekana dhahabu katika mchanga wa vijito vyake. Na tangu hapo hapakuwa na utulivu. Uingereza ilipoacha kipimo cha dhahabu mwezi wa Septemba 1931, na Marekani ilipopandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35 mwaka 1934, yule aliyepoteza shamba au kazi kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia aliona ya kuwa karai na sururu huko Chunya ni afadhali kuliko kuomba. Wakaja Wazungu wa mataifa mbalimbali, na kwa kila Mzungu mmoja wakaja wafanyakazi wengi, Wanyakyusa kutoka Rungwe, na watu wa Nyasaland na wa Rhodesia ya Kaskazini, ambao ndio hasa waliochimba, waliobeba na waliopepeta. Kwani maji ya Chunya ni adimu wakati wa kiangazi, na aghalabu mchanga ulipepetwa kwa upepo badala ya kuoshwa. Mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927 upande wa pili wa milima, ulipata sehemu kubwa ya maisha yake kutokana na dhahabu hiyo.

Msafara huo wa fedha na watu ulikuja pamoja na desturi zake. Waingereza wa zama zile, popote walipoweka boma, hawakukawia kuweka klabu, na penye klabu walitafuta uwanja wa mchezo; na mchezo waliouhusudu kuliko mingi, ingawa haukuwa wao kwa asili bali wa jirani zao Waskoti, ulikuwa gofu. Entebbe kulikuwa na uwanja tangu mwaka 1901, Nairobi tangu 1906, Mombasa tangu 1911. Katika Nyanda za Juu Kusini mchezo huo ulipata makao yake ya kudumu Mufindi, mkoani Iringa, katikati ya mashamba ya chai ambayo Wajerumani waliyaanzisha baada ya kuruhusiwa kurejea Tanganyika mwaka 1925, na ambayo yaliangukia mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond vita vya pili vya dunia vilipowaondoa wenyewe. Mufindi kuna mvua na ukungu, na majani humea bila kubembelezwa. Mahali pakavu haikuwa hivyo. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki, hata ule wa Gymkhana ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, havikuwa na majani mororo ya kulizunguka shimo, bali vilikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu, ukasawazishwa kwa reki kila mtu apitapo.

Lakini uwanja si muradi wangu leo. Muradi wangu ni chombo kimoja tu katika mfuko wa mchezaji, yaani ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, ambayo wachezaji huiita draiva. Maana katika historia ya fimbo hiyo twaweza kuona ni nani aliyefikiriwa katika mchezo na ni nani aliyesahauliwa, na kwa muda wa karne nyingi aliyesahauliwa alikuwa mchezaji wa kawaida, yule achezaye Jumamosi baada ya kazi, na ambaye mkono wake haukosi kukosea.

Draiva aliyokuja nayo Mwingereza wa miaka ya 1920 ilikuwa ya mti mtupu. Mpini wake ulikuwa wa hikori, mti wa Marekani, na kichwa chake kilichongwa katika pasimoni, mti mwingine wa huko huko, mgumu, wenye nyuzinyuzi zilizosongamana. Kikaunganishwa na mpini kwa kuzungushiwa uzi uliotiwa nta. Mpini wa hikori hujipinda na hujisokota katika kupiga, na kila mpini una tabia yake, kwa hiyo fundi alichagua na mchezaji akazoea, kama apendavyo Mungu. Fauka ya hayo, mti hauna amani na hewa: unyevu huuvimbisha, ukavu huusinyaza, na uzi ule shingoni hulegea. Wakuu wa mchezo huko St Andrews walikataa mipini ya chuma mpaka mwaka 1929, miaka michache baada ya Wamarekani kuikubali, na yasemekana mtoto wa mfalme wa Uingereza alikuwa amekwisha kuitumia mbele ya macho yao, ikawa ni aibu kumfukuza. Hivyo basi zama za dhahabu ya Lupa ndizo zama za mpini wa mti kuaga na mpini wa chuma kubisha hodi. Lakini kichwa kilibaki cha pasimoni kwa miaka hamsini mingine.

Kichwa hicho kilikuwa kidogo, chini ya nusu ya ujazo wa vichwa vya leo, na uzito wake ulikuwa umekusanyika katikati. Aliyeupiga mpira pale pale katikati alipata raha ambayo wazee wa mchezo wangali wakiisimulia. Aliyepiga kidole kimoja pembeni aliadhibiwa papo hapo: kichwa kiligeuka mkononi, mpira ukapoteza mwendo, ukaelekea porini. Na mpira uendao porini una mtu wa kuutafuta. Katika viwanja vya ukoloni mtu huyo alikuwa kijana wa Kiafrika, mbeba mfuko, ambaye hakuruhusiwa kuwa mwanachama, sembuse kuketi barazani mwa klabu. Akajifunza mchezo kwa kutazama, na akajaribu mkono wake kwa fimbo iliyovunjika au iliyotupwa. Wengi katika wachezaji hodari wa Afrika Mashariki wa vizazi vilivyofuata walipitia mlango huo wa nyuma. Nadhani ndiyo sababu mikono yao ilikuwa mizuri: fimbo mbovu isiyosamehe ni mwalimu mkali, ila wanafunzi wengi humkimbia, na sisi huwahesabu wale wachache tu waliobaki.

Mageuzi hayakuanza na draiva. Mhandisi mmoja wa kampuni ya General Electric, Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, aliona mwaka 1959 ya kuwa fimbo yake fupi ya kusukumia mpira shimoni hugeuka kila apigapo nje ya kati. Akautoa uzito katikati akauweka kwenye ncha mbili. Ni hekima nyepesi, na walakini hapana aliyeifuata hivyo kwa bidii kabla yake: kitu ambacho uzito wake uko mbali na kiini chake hukataa kuzungushwa. Mwaka 1979 Gary Adams alianza kuuza draiva ya chuma kilicho wazi ndani, chini ya jina la TaylorMade; watu wakaicheka sauti yake, mpaka mwaka 1982 Jim Simons aliposhinda nayo katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Chuma kikiwa wazi ndani, uzito huhamia pembezoni wenyewe. Mwaka 1991 Ely Callaway alileta fimbo yenye kichwa cha ujazo wa sentimita 190 za ujazo, akaipa jina la mzinga wa Wajerumani wa vita vya kwanza, Big Bertha; na yalipoletwa madini ya titani, mepesi na magumu, vichwa vikaendelea kuvimba hata watunga kanuni wakatia hadhari, wakaweka kikomo cha sentimita 460 za ujazo. Kisha wakaweka kikomo kingine juu ya ule ukaidi wa kichwa kuzungushwa, upande mmoja, kisizidi gramu-sentimita za mraba 5,900, pamoja na nyongeza ndogo ya 100. Fimbo kadhaa za miaka hii zimekaribia kikomo hicho sana, kiasi kwamba muuzaji akikuambia ya mwaka huu inasamehe mara mbili ya ile ya mwaka jana, una haki ya kumtazama usoni na kutabasamu.

Msamaha wenyewe hufanyaje kazi? Mchezaji wa mkono wa kulia apigapo kwa ncha ya mbali ya uso wa fimbo, kichwa hufunguka, na mpira huanza safari kwenda kulia. Lakini katika kugeuka kwake kichwa huusokota mpira upande wa pili, kama gurudumu lenye meno liliendeshavyo jenzake, ukarudi kushoto. Apigapo kwa kisigino, yote hupinduka. Ndiyo maana uso wa draiva, tangu enzi za mti, haukuchongwa kuwa bapa bali una mbinuko kidogo, ili upande wa kuanzia na upande wa kurudi zipatane. Kichwa kikubwa chenye uzito pembezoni hugeuka kidogo, basi mwendo haupotei sana na mpira hauendi mbali na njia. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Mkono uliokuja na uso wa fimbo ukiwa wazi tangu mwanzo, au uliokata mpira kwa kupita kutoka nje kwenda ndani, hautaokolewa na titani ya aina yoyote. Na wengi wanaolalamika kuwa fimbo mpya haikuwasamehe, taksiri yao ni ya aina hii ya pili.

Sasa, jinsi ya kuipima. Mtu aingiaye Chunya kununua duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, akiwa na akili, haridhiki na jiwe moja ling'aalo aliloonyeshwa na mwenyewe. Huchukua sampuli juu na chini, penye mwamba na penye udongo, huponda zote na kuchenjua zote, kisha huhesabu wastani, kwani jiwe zuri lapatikana hata katika duara litakalomfilisi. Mchezaji katika duka la fimbo hufanya kinyume. Hupiga mipira kumi, husahau saba, na hununua kwa ajili ya ule mmoja uliopaa. Hali draiva zote za leo, zikipigwa katikati, zakaribiana mno, kwa kuwa urukaji wa uso nao umewekewa kikomo cha kanuni. Tofauti zao zimo katika mipira mibaya, ile ambayo mnunuzi huiomba radhi na kuiondoa katika hesabu.

Kwa hiyo mwenye kupima kwa insafu hatupi mpira wowote nje ya daftari. Hupaka poda usoni mwa fimbo ili aone alama ya kila pigo, na hutumia mipira ya aina moja. Hupishanisha fimbo ya zamani na mpya kila baada ya mapigo machache, ili uchovu usiwe mzigo wa fimbo moja pekee. Kisha hutazama mambo mawili: mpira uliopigwa kisigino au ncha umepungukiwa na hatua ngapi kuliko uliopigwa kati, na mipira yote kwa jumla imetanda upana gani. Mitambo ya kupiga, mfano ule uliojengwa Marekani katika miaka ya 1960 na kupewa jina la mchezaji Byron Nelson, husaidia viwanda, lakini mtambo haukosei isipokuwa ukiamriwa, ilhali mkono wa binadamu una namna zake za kukosea ambazo haumwambii mtu mapema.

Urefu wa mpini nao usipuuzwe. Draiva ya pasimoni ilikuwa na urefu wa inchi 43 hivi. Za siku hizi huuzwa zikiwa na inchi 45 na zaidi, kwa kuwa mpini mrefu huongeza kasi, na kasi huongeza hatua za kujivunia dukani. Ila mpini mrefu huyatawanya mapigo, na kiwanda kinachotoa msamaha kwa kichwa hurudi kuunyang'anya kwa mpini. Kushika chini kidogo hakugharimu kitu.

Na kwa watu wa nyanda hizi kuna jambo jingine. Chunya iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na Mufindi ni juu zaidi, karibu mita 1,900, ambako hewa ni pungufu kwa takriban sehemu 17 katika 100 kuliko hewa ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi haiuzuii mpira, basi huenda mbali zaidi. Wala haiupindi sana, kwani mpira hupinda kwa kusokotwa ndani ya hewa, na hewa ikipungua mpindo nao hupungua. Kwa maneno mengine, mlima wenyewe husamehe, na anayejaribu draiva Mufindi aweza kuisifu fimbo kwa ihsani iliyotoka kwenye hewa. Fauka ya hayo hewa hiyo haiubebi mpira juu kama ile ya pwani, kwa hiyo uso wenye mlazo wa nyuzi 12 humfaa mchezaji wa kawaida huko kuliko ule wa nyuzi 9 anaouona kwa wachezaji wa kulipwa; fimbo hiyo hiyo ikishuka naye kwenda kushindana katika uwanja wa Lugalo huko Dar es Salaam, ulio chini ya Jeshi la Wananchi, itaurusha mpira juu zaidi na kuutua karibu zaidi, na taksiri ile ya kulia, ambayo milimani ilikuwa hatua chache kutoka njiani, itajitokeza upana wake wote. Draiva nyingi za sasa zina ufunguo mdogo wa kubadili mlazo. Nao utumike huko chini, katika siku ya mazoezi, si asubuhi ya mashindano.