Athari za ulimwengu pepe kwa jamii

Ulimwengu pepe ni mazingira yaliyoundwa kwa programu za kompyuta, ambamo watu wengi hukutana kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwakilishwa na umbo liitwalo avata. Ulimwengu huo haulali. Mtu akizima kompyuta usiku, asubuhi hukuta wenzake wamejenga, wameuza, wamepatana au wamegombana. Kudumu huko ndiko kunakozaa athari zake kwa jamii.

Wa kwanza uliojulikana sana, MUD, ulibuniwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Ulikuwa wa maandishi matupu.

Wa maandishi vilevile ulikuwa LambdaMOO, uliosimamiwa na Pavel Curtis huko California. Mwaka 1993 mshiriki aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu kuwaonyesha wengine, mbele ya umma, kana kwamba wanatendewa na wanatenda mambo ya ngono wasiyoyataka. Hakuna mwili ulioguswa, lakini uchungu wa waliodhalilishwa ulikuwa wa kweli. Wenyeji walijadiliana kwa kirefu bila kufikia uamuzi, hadi msimamizi mmoja akamfuta mkosaji. Baadaye Curtis alianzisha utaratibu wa maombi na kura ili wenyeji wajiamulie wenyewe. Jamii ile ilifika pale jamii zote hufika: haja ya sheria na wa kuisimamia.

Fedha nazo zikafuata. Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab, una sarafu inayobadilishwa kwa dola za Marekani. Watu waliuza viwanja na mavazi humo wakapata kipato halisi, na mwaka 2007 Sweden ilifungua ubalozi humohumo. Mwaka huohuo benki ya humo, Ginko Financial, iliyoahidi riba kubwa mno, ilianguka na akiba za wateja zikapotea.

Madhara yanayohofiwa zaidi ni ya mtu kushindwa kujizuia. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwapiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye iliamua kuifuta sheria hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya maradhi. Kipimo chake si wingi wa saa pekee, bali mtu kuendelea kucheza ilhali masomo, kazi au familia vinaharibika. Tofauti hiyo ni muhimu, na wazazi wengi huikosa.

Mfano ni wazazi wa Mats Steen wa Norwei, aliyeishi na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli. Kwa miaka mingi alishinda ndani ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft akijulikana kama Ibelin, nao wakasikitika wakidhani hana marafiki. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Walipotangaza msiba, salamu zilimiminika kutoka kwa wachezaji aliokuwa akiwasikiliza, akiwashauri na kuwapatanisha na jamaa zao. Baadhi, waliokuwa wamemjua kwa avata yake tu, walisafiri kutoka Uholanzi, Ufini na Denmark kwenda kumzika.