Damu Iliyovuka Bahari

Vijana wetu wa Ibra, Sur na Nizwa wanaotaka udaktari hutuuliza swali ambalo sisi wahandisi hatukufundishwa: kwa nini tiba imfikie huyu isimfikie yule? Zamani jibu lilikuwa masafa. Kabla ya 1970 hospitali za wamisionari wa Kimarekani zilikuwa Muscat na Matrah, na barabara ya lami nchi nzima ilikuwa kama kilomita 10 tu. Mgonjwa wa Ibra alikuwa na safari ya kilomita 150 hivi, na ngamia wake.

Hospitali zikajengwa mikoani, na baadhi ya waliorudi kutoka Zanzibar wakazihudumia. Mwaka 2012 Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza trakoma kama tatizo la jamii.

Damu ni habari nyingine. Uchunguzi wa 1995 ulikuta watoto wapatao 6 katika kila 100 wamebeba chembe ya selimundu. Anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa kiasi na malaria. Anayeirithi kwa wote wawili huumwa mifupa tangu utotoni, na ndoa za binamu huongeza hatari hiyo. Oman chembe hiyo ina asili ya Kiarabu-Kihindi, ya Benin na ya Kibantu. Majahazi ya Sur yalibeba zaidi ya tende na boriti!

Basi vijana wachunguze nani hupimwa kabla ya posa, na nani hushauriwa kwa lugha anayoielewa. Wapo bibi zetu ambao maumivu bado huyataja kwa Kiswahili. Tungependa dodoso la kwanza lipelekwe kwao.