Kuongeza Tangi la Mafuta kwa Pikapu Inayovuta Treila: Soma Hii Kabla Fundi Hajawasha Mashine

Shinyalu Jumamosi huwezi kosa kuziona. Pikapu imefunga treila nyuma, imebeba tenti, viti vya plastiki, jenereta na spika kubwa kuliko kabati la kuku wa nyanya yako. Leo ni matanga, kesho harusi, na siku ng'ombe wanapigana huko Khayega, kila mtu na gari yake yuko kazini. Halafu simu inaingia: kuna client anataka vitu vyake Nairobi. Au Lodwar. Hapo ndipo wasee huanza kuulizana, "Buda, tangi la pili linaweza wekwa wapi?"

Swali ni poa. Shida ni kwamba wengi hulipeleka moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea vyuma kabla ya kufanya hesabu. Wacha tufanye hesabu kwanza.

Je, kweli unahitaji?

Hilux ya kawaida ina tangi la lita 80. Isuzu D-Max ni lita 76. Land Cruiser 79, ile pikapu ya mashirika na polisi, inabeba 130 ikitoka kiwandani. Pikapu ya dizeli ikiwa tupu inaweza kwenda kilomita 10 au 11 kwa lita. Funga treila ya tani moja na nusu, hiyo namba inashuka hadi 6 au 7. Tuseme 6.5.

Shinyalu hadi Nairobi kupitia Kisumu na Kericho ni karibu kilomita 400. Hiyo ni lita 61 na kitu. Unafika na mafuta kwa tangi, na njia nzima kuna vituo: Ahero, Kericho, Nakuru, Naivasha, mpaka unachagua chenye choo safi. Kwa safari ya Nairobi, ama hata Mombasa, tangi la pili ni pesa ya kutupa.

Lodwar ni story tofauti. Unatoka Kakamega, Webuye, Kitale, halafu karibu kilomita 300 za kushuka Marich Pass, Kainuk na Lokichar. Jumla ni kama 400 pia, kwa hivyo tangi la 80 linakufikisha likibaki na lita 18 hivi. Lakini Kakuma iko kilomita 120 mbele, na hizo lita 18 zinakwenda 117. Umeona hesabu inavyouma? Ukifika Lodwar usiku, ama ukute pampu zimekauka, wewe na treila yako mnalala hapo.

Tangi la lita 140 lingekupa kilomita 910 kwa hesabu hiyo hiyo. Kwenda na kurudi Lodwar ni 800. Inatosha, lakini usichekelee sana: Lodwar iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na Kitale iko karibu 1,900. Kurudi ni kupanda, na mlima na treila hunywa mafuta kama ng'ombe wa Isukha aliyetoka uwanjani.

Kuna wenye watakwambia tangi kubwa linaokoa doh kwa sababu unajaza mahali bei iko chini. Bei za EPRA hutangazwa tarehe 14 kila mwezi na ni kweli hutofautiana kwa mji. Mombasa huwa chini, na kadiri unavyoenda mbali ndivyo inapanda. Lakini tofauti kati ya miji mingi ni shilingi chache tu. Hata ikiwa ni tano kwa lita, lita 60 za ziada zinakuokolea mia tatu. Hesabu mwenyewe utafanya trip ngapi kabla tangi lijilipe. Sababu ya maana ya kuongeza mafuta ni moja: kutokwama. Waliopanga foleni Aprili 2022, wakati mafuta yalipotea nchi nzima na watu wakazunguka na mitungi, hawahitaji kuelezewa.

Njia tatu, na moja ya kukimbia

Njia safi kabisa ni kutoa tangi la kiwanda na kuweka kubwa linaloingia mahali pale pale chini ya chasi. Waaustralia ndio mabingwa wa hii kitu kwa sababu jangwa lao halina huruma. Kampuni kama ARB na Long Ranger zinatengeneza matangi ya Hilux ya karibu lita 140. Uzito unabaki chini, mshale wa mafuta unaendelea kufanya kazi, na shimo la kujazia ni lile lile. Ubaya ni bei, pamoja na kusubiri mzigo ufike.

Ya pili ni tangi la ziada kwenye kitanda cha pikapu, nyuma tu ya kichwa, lenye pampu ndogo ya volti 12 inayosukuma dizeli hadi tangi kuu. Hii ndiyo fundi mzuri wa Kakamega anaweza kukutengenezea. Tutarudi hapo.

Ya tatu ni mitungi ya chuma ya lita 20, ile ya kijeshi yenye kifuniko cha kubana. Miwili ni lita 40, sawa na kilomita 260 ukivuta. Kwa mtu anayeenda Turkana mara mbili kwa mwaka, mimi naona hii ndiyo jibu na mjadala uishe hapo. Ifunge kwa mkanda, isimame wima, nje, si ndani ya kebini pamoja na abiria.

Ya kukimbia ni mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, hasa kama gari ni ya petroli. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na plastiki hutengeneza umeme tuli ikisuguana na kitanda cha gari. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, watu wakakimbia na mitungi, moto ukawaka. Zaidi ya 100 walikufa. Julai 2021 ikajirudia Malanga, Siaya, kwa barabara ya Kisumu–Busia, na zaidi ya 10 wakaenda. Hiyo si mbali na hapa. Kwa hivyo makala hii yote ni ya dizeli. Kama pikapu yako ni ya petroli, usiweke tangi la kienyeji kwa kitanda. Full stop.

Ukiamua tangi la kitandani

Anza na uzito kwa sababu hapo ndipo watu hujidanganya. Lita moja ya dizeli ni kama gramu 840. Lita 80 ni kilo 67, na tangi lenyewe la chuma cha milimita 2 ni kilo 20 na kitu. Karibu kilo 90, yaani jamaa mmoja mnene ameketi nyuma safari nzima. Sasa kumbuka treila yenyewe hulalia ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake: tani moja na nusu, kilo 150. Ongeza dereva, turnboy, abiria wawili na gunia la mahindi la shosho. Pikapu nyingi za aina hii hubeba karibu tani moja kwa jumla, na hiyo ndoano inahesabiwa ndani. Ndiyo maana tangi linakaa mbele, limegusa ukuta wa kichwa, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiliweka nyuma karibu na ndoano, pua ya gari inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na kushuka Salgaa na usukani mwepesi ni kujitafutia.

Vyuma: mwambie fundi mapema asitumie mabati yaliyopakwa zinki, yale ya paa. Dizeli na zinki haziivi. Inatengeneza uchafu unaoziba filta na kuumiza injekta. Shaba pia hapana. Chuma cheusi ni sawa, aluminiamu ni nyepesi zaidi kama fundi ana mashine yake na anaijua. Ndani ya tangi kuwe na kuta zenye matundu ili dizeli isikimbie upande mmoja ukikata kona. Lita 80 zikiyumba utazisikia.

Na hii ndiyo sentensi ya kusoma mara mbili. Usikubali fundi achomelee tangi lililowahi kubeba mafuta, hata kama "limekauka". Dizeli ikiwa baridi haishiki moto kirahisi, inahitaji kupita nyuzi 50 hivi. Lakini moto wa kuchomelea ni maelfu ya nyuzi: unapasha ile mabaki iliyoshika kwenye kuta, inageuka mvuke, mvuke unajaa ndani ya sanduku lililofungwa, na sanduku linakuwa bomu. Vijana wa jua kali wamepoteza macho na maisha hivyo. Chuma kipya, au tafuta tangi lingine. Pia betri ya gari itolewe waya kabla ya kuchomelea chochote kwenye chasi, la sivyo kompyuta ya injini inaweza kuungua na hapo utalia.

Tangi lijaribiwe kuvuja kwa maji ya sabuni kwenye viungo na hewa kidogo sana ndani. Kidogo sana, compressor ya kujaza tairi italipasua. Halafu likaushwe kabisa, maana tone la maji kwenye injini ya kisasa ya dizeli ni bili ya kuuza ng'ombe.

Mabomba sasa. Mafundi wengi hupenda njia ya mkato: tangi la juu linaunganishwa moja kwa moja na bomba la kujazia, mafuta yanashuka yenyewe. Inafanya kazi hadi siku tangi kuu limejaa na yanaendelea kushuka. Dizeli inamwagika kwa lami na boda boda aliye nyuma yako anateleza nayo. Weka pampu yenye swichi kwenye dashibodi, fyuzi yake, filta kabla ya pampu, na valvu ya kufunga kwa mkono hapo chini ya tangi. Pampu iwashwe ukiwa umetumia nusu ya tangi kuu, izimwe kabla mshale haujafika juu. Usiiwashe ukasahau ukipiga story.

Kama fundi anataka kuunganisha matangi mawili moja kwa moja kwa injini na valvu ya kubadilisha, muulize swali moja: mafuta yanayorudi kutoka kwa injini yanaenda tangi gani? Injini ya dizeli hurudisha sehemu ya mafuta kila wakati. Akisema hajui, ondoka. Ukivuta kutoka tangi la pili na yanarudi la kwanza ambalo limejaa, yatamwagika.

Tangi linahitaji bomba la kupumua lenye valvu inayozuia mafuta gari likipinduka. Na usijaze hadi mdomoni. Jaza lita 80 asubuhi Shinyalu kukiwa na baridi, ufike Lokichar joto limepanda nyuzi 20, hiyo dizeli imeongezeka zaidi ya lita moja. Lazima iwe na pa kwenda.

Karao, NTSA na bima

Pikapu ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, na mkaguzi huangalia chini. Treila yako iwe na namba yake inayoanza na Z na taa zinazowaka. Kampuni ya bima iambiwe kuhusu tangi kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Ukinyamaza unawapa sababu ya kukataa kulipa. Mafuta ya tangi yawe ya kutumia gari lako tu. Ukianza kuwauzia wenzako njiani umeingia biashara inayohitaji leseni ya EPRA chini ya Petroleum Act ya 2019. Na ukivuka Busia au Malaba na tangi la ziada limejaa dizeli ya Uganda, tayarisha maelezo kwa watu wa forodha.

Trip ya kwanza usijaze. Weka lita 20, funga treila tupu, nenda Kisumu urudi. Ukifika, lala chini na tochi uangalie kila kiungo, ushike mikanda, unuse. Kama kuna harufu ya dizeli na huoni tone, tafuta hadi ulione kabla ya kupiga simu ya yule client wa Lodwar.