Aina ya mbegu na ethanoli ya mahindi

Ethanoli ya nafaka ni alkoholi ya kuendeshea magari, inayopatikana kwa kuchachusha wanga uliovunjwa kuwa sukari, kisha kukeneka kilichochachuka. Nchini Marekani, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, hutoka karibu yote kwenye mahindi. Tani moja hutoa takriban lita 400.

Punje kavu ya mahindi ya kawaida ina wanga wa asilimia 70 hivi. Mbegu yenye protini nyingi huwa na wanga pungufu, hivyo hutoa ethanoli kidogo, ingawa protini yenyewe haipotei: hubaki kwenye machicha wanayolishwa ng'ombe. Lakini wingi wa wanga haumalizi hesabu. Wanga una molekuli za namna mbili: amilopektini yenye matawi, ambayo vimeng'enya huivunja kwa urahisi kuwa sukari, na amilosi iliyonyooka, ambayo hukaidi. Ndiyo maana mahindi yenye amilosi nyingi hayafai kiwandani, ilhali yale ya nta, yenye amilopektini karibu tupu, huchachuka vizuri. Hata kwenye mtama, unaotengenezewa ethanoli pia, aina zenye tanini nyingi huchelewesha kazi ya vimeng'enya.

Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliruhusu Enogen, mahindi ya kampuni ya Syngenta yaliyobadilishwa vinasaba ili punje itengeneze yenyewe kimeng'enya cha alfa-amilasi, kinachovunja wanga. Wasaga nafaka walipinga, na hoja yao ilikuwa nzito: punje hizo zikichanganyika na mahindi ya chakula, kimeng'enya hicho hicho huharibu unga. Kwa hiyo wakulima huyalima kwa mkataba na viwanda vya ethanoli.