Machozi ya yule mzee mvuvi yalikwenda wapi?

Tuliosoma The Old Man and the Sea sekondari tuliambiwa kuwa hicho ni kitabu cha mwanamume asiyelia. Niliamini hivyo miaka mingi. Sasa nimesoma makala ambayo Ernest Hemingway mwenyewe aliandika miaka 16 kabla ya kitabu, na imenivuruga kabisa.

Ilitoka katika jarida la Esquire, Aprili 1936. Ni habari za uvuvi wa Cuba, na katikati yake kuna aya moja tu kuhusu mzee aliyekuwa akivua peke yake katika mtumbwi nje ya Cabañas. Akanasa samaki mkubwa wa jamii ya sulisuli, samaki akamvuta mpaka bahari kuu. Siku mbili baadaye wavuvi wenzake wakamwokota maili 60 upande wa mashariki. Papa walikuwa wameshakula zaidi ya nusu ya samaki wake, na kilichobaki bado kilikuwa na ratili 800, yaani kama kilo 360. Na mzee mwenyewe? Alikuwa analia, nusura arukwe na akili.

Hemingway alikuja kuandika kitabu mwaka 1951, nyumbani kwake nje ya Havana. Jarida la Life likakichapa chote Septemba 1952, nakala zaidi ya milioni 5 zikaisha ndani ya siku mbili. Ikafuata Pulitzer 1953, kisha Nobel 1954. (Nobel hakwenda kuipokea. Alikuwa bado anauguza majeraha ya ajali mbili za ndege alizopata Uganda Januari mwaka huohuo, na magazeti yalishatangaza kuwa amekufa!)

Santiago wa kitabuni amekaa siku 84 bila kupata samaki. Wengi humkumbuka kwa kupigana na papa. Mimi nakumbuka vitu vidogo. Mkono wake wa kushoto umekakamaa, naye anausemesha kama mtoto mtukutu, huku akijilazimisha kutafuna jodari mbichi asiye na chumvi ili mkono upate nguvu. Analala kidogo, mshipi ukiwa mkononi. Na kila mara anasema kwa sauti, laiti yule kijana Manolin angekuwepo. Huyo si mtu wa chuma, anajua kabisa kwamba yuko peke yake na hapendi.

Lakini akirudi na mifupa mitupu, halii. Anayelia ni Manolin, asubuhi, akiona viganja vya mzee vilivyochanika. Anatoka kwenda kumtafutia kahawa, na njia nzima analia. Hemingway aliyachukua machozi ya mzee akampa mtoto.

Nina sababu ya kuling'ang'ania jambo hili. Nilikuwa kidato cha tatu baba alipopunguzwa kazini. Usiku mmoja niliamka kunywa maji nikamkuta jikoni gizani, analia. Nikarudi kitandani kimya. Alfajiri nikamsikia anapiga pasi shati, akatoka kwenda kutafuta kazi. Kwa miaka yote nimeuhesabu usiku ule kuwa udhaifu wake, na kitabu hiki kilinisaidia kuuhesabu hivyo. Sikuwahi kuihesabu ile pasi.

Mzee wa 1936 hakulia badala ya kupigana. Alipigana na papa peke yake, akawachoma, akawapiga kwa kasia mpaka akaishiwa nguvu, ndipo akalia. Kwangu mimi amemzidi Santiago, samahani kwa mwalimu wangu.

Hemingway alijiua kwa bunduki Julai 1961. Wavuvi wa kijiji cha Cojímar, alikokuwa akiegesha boti yake, wakatoa vyuma vya boti zao, mapangaboi na kadhalika, vikayeyushwa kutengeneza sanamu yake. Yule mzee wa Cabañas, makala haikutaja hata jina lake.

Mliokisoma kitabu hiki, nyie mnamwonaje?